Zawadi za Mwisho wa Mwaka na Orodha ya Septemba



Komite ya buletini hii ilituomba sisi tuliokuwa mwaka wa tatu wa pedagojia tueleze namna tulivyopanga zawadi za klasi mwezi wa sita uliopita, maana klasi nyingine mbili zinataka kufanya vile vile. Tumekubali. Lakini hatutaandika paka juu ya furaha ya siku ile, kwani furaha mliiona wenyewe uani. Tutaandika sana sana juu ya mabishano yetu, maana ndani ya mabishano ndimo tulimojifunza kitu.

1. Mambo yasiyosomwa siku ya proklamasyo

Kila mtu anajua desturi ya masomo katika Kongo. Mwaka unafunguliwa mwezi wa tisa, na kwa desturi unafungwa tarehe 2 Julai, nyuma kidogo ya sikukuu ya Uhuru. Siku ile bamama wanavaa vikwembe vizuri, Bwana Prefe anasimama na kartasi mkononi, na majina yanasomwa kwa kufuata asilimia. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata kufika kwa wale ambao afazali wangekaa nyumbani. Desturi hii ilitoka kwa Wabelgiji. Kwao mwisho wa mwaka watoto wa kwanza waliitwa mbele ya wazazi na kupewa vitabu. Vitabu havikudumu sana kwetu, lakini kuita majina kumebaki.

Sisi hatusemi kwamba proklamasyo ni kitu kibaya. Mtu aliyepata asilimia 78 alikesha, na haki yake ipigiwe makofi. Lakini angalieni vizuri buletini ya pointi mnayopeleka nyumbani. Kuna safu za vipindi vine, kuna safu mbili za mitihani, kuna jumla, kuna asilimia, kuna nafasi kati ya wanafunzi wote. Tena chini kabisa kuna mistari miwili midogo: bidii na mwenendo. Mwalimu wa klasi anaandika pale: vizuri sana, vizuri, vizuri kidogo. Je, mmekwisha kusikia mistari ile miwili ikisomwa kwa sauti mbele ya wazazi? Sisi hatujasikia hata siku moja.

Ndipo mwezi wa tano, siku ya mvua iliyochelewa kwisha, shefu wa klasi alisimama na kusema: «Banduku, ile mistari ya chini, siye wenyewe tunaweza kuisoma.» Mwalimu wetu wa klasi alikubali, lakini alitoa sharti mbili: feza isiwe mzigo wa mtu, na asichekwe mtu.

2. Juu ya feza na juu ya shaba

Neno la feza lilikwisha upesi. Kila mmoja alitoa franka 500, na asiye nayo hakutoa, wala jina lake halikuandikwa fasi yoyote. Feza ile ilinunua makaye na biki, si kingine. Lakini zawadi inataka alama ya kushika mkononi, na hapo shauri lilianza.

Mmoja wetu alisema: «Tuko Kolwezi! Zawadi itoke ndani ya shaba.» Wote tukapiga makofi. Aliahidi kuleta waya ya shaba kesho yake, na kweli aliileta, nzito, nyekundu, imezungushwa kama nyoka. Mwalimu aliiangalia akauliza neno moja tu: «Waya hii imetoka wapi?» Klasi nzima ikanyamaza. Mnajua wenyewe namna waya za umeme zinavyokatwa usiku, na namna mtaa mzima unavyobaki gizani wiki kwa wiki, wanafunzi wakisoma kwa tochi ya telefone. Mwenye waya alisema aliipata kwa mjomba. Mwalimu hakumwita mwizi. Alisema tu kwamba zawadi isiyojulikana ilikotoka haiwezi kuwa heshima, na waya ikarudi kwa mjomba.

Basi tulichukua karto za sabuni, tukazikata mfano wa msalaba wa Katanga, ule wenye mikono minne iliyo sawa kama alama ya kuzidisha. Tukazipaka siraji ya viatu ya rangi ya kahawia, halafu tukazisugua na kitambaa hata zikang'aa. Klasi ilinuka viatu siku tatu. Lakini kwa mbali mtu angeapa ni shaba.

3. Wote, ao wachache?

Mabishano makubwa yalikuwa haya: kila mtu apate zawadi, ao wengine tu?

Nusu ya klasi ilisema: «Tulianza mwaka pamoja, tumalize pamoja. Kila mutu apate.» Nusu nyingine ilijibu: «Apana! Kama kila mutu iko na zawadi, basi hakuna mutu iko na zawadi.» Tulibishana siku mbili, wengine hata njiani, hata kwenye bomba la maji.

Siku ya tatu tulimwendea Bwana mwalimu wa historia. Aliuona msalaba wetu wa karto, akacheka, kisha akatueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Zamani sana, mbele ya Wazungu kufika, watu wa nchi hii walichimba mawe ya kijani, kama kule Dikuluwe, wakayeyusha shaba na kuimimina ili iwe misalaba. Mto wetu Lualaba ukishuka kutoka hapa unafika kwenye maziwa ya Upemba. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, wakakuta misalaba ya shaba pamoja na maiti. Wataalamu waliofuata walilinganisha misalaba ya makaburi ya upande ule kwa kufuata miaka. Ile ya kale zaidi ilikuwa mikubwa na michache, inafanana na alama ya heshima. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ilikuwa midogo, yenye kipimo kimoja, tena mingi. Ilikuwa imegeuka kuwa makuta, feza ya kununulia vitu.

«Sasa muwaze wenyewe,» mwalimu alisema. «Mkifanya misalaba arobaini na saba ya kufanana, hamtoi heshima. Mnalipa mshahara.»

Wale wa «wachache» walishangilia. Lakini dada mmoja, ambaye katika klasi haongei mara nyingi, aliinua mkono akasema: «Bwana mwalimu, ile misalaba midogo watu wengi waliweza kununua nayo chumvi. Ile mikubwa ilizikwa na mkubwa mmoja. Basi ni ipi ilisaidia watu?»

Mwalimu alimwangalia kwa muda, kisha akasema: «Keti, umeshinda nusu.» Na kweli ilikuwa nusu. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli, na hatukuweza kuondoka pale kwa kupiga kura tu.

4. Shahidi

Neno lililotutoa ndani ya mabishano lilikuwa hili: hakuna zawadi bila shahidi. Hatutauliza kwanza nani anastahili. Tutauliza: nani aliona nini? Mtu anayetaka mwenzake apewe zawadi anaandika kwenye kartasi jambo moja alilomwona akifanya, kwa macho yake, na anaweka jina lake mwenyewe chini. Maneno kama «yeye ni mwema», «yeye ni mpole», «yeye ni rafiki ya wote» hatukuyapokea. Mwema namna gani? Siku gani? Kwa nani?

Tuliweka wiki tatu. Sanduku lilikaa kwa mwalimu wa klasi. Tuliruhusu ushuhuda wa waalimu, wa sentineli wa masomo, hata wa wazazi.

Hapo tuliona mambo ambayo mwaka mzima yalipita mbele yetu. Mama mmoja aliandikisha kwa mkono wa mtoto wake mdogo kwamba binti yake alipolala na malaria wiki mbili, mwenzetu fulani alifika kila jioni na kaye yake, anakaa chini ya mwembe, anamsomea masomo ya siku. Mwalimu wa hesabu aliandika juu ya kijana ambaye kila mara anasema «sijafahamu» mbele ya wote. Mwalimu alisema: «Anachekwa, lakini ninapomfafanulia yeye, naona vichwa kumi vinaitika.» Sentineli alisema kuna mmoja anayefika mbele ya kengele na kuokota kartasi za uani, hata siku isiyo zamu yake. Wenzetu wawili waliotoka upande wa Kapanga, ambao Kifaransa kiliwalemea mwanzoni, walishuhudia juu ya jirani yao wa benchi aliyewafasiria maswali kwa Kiruund chini chini, mwaka mzima, bila kuwapa majibu. Na mwingine alipanda kutoka asilimia 38 kipindi cha kwanza hata 54 kipindi cha nne. Siku ya proklamasyo yule ni wa thelathini na mbili. Kwetu sisi alikuwa mtu aliyepanda mlima.

Kuhusu zawadi za kuchekesha tuseme neno moja. Wengine walitaka «Zawadi ya Usingizi» kwa kijana mmoja anayelala saa ya mwisho. Sheria ya shahidi ilikuwa ile ile: haya, nani aliona nini? Jirani yake wa mtaa akaandika: «Nalimuona. Kila siku, jogoo haijawika, anapanga laini ya maji na bidoni sita, ya kwao na ya nkambo mmoja asiye na mtu.» Zawadi ya Usingizi ilikufa palepale. Yule kijana alipewa msalaba juu ya bidoni sita.

5. Orodha ya Septemba

Sasa tumefika kwenye neno zito.

Tulipoanza kuandika majina, mwandishi wa komite alichukua orodha ya mwezi wa sita. Ilikuwa na majina 41. Mwingine akasema: «Mbona mwalimu wa historia alihesabu arobaini na saba?» Tulifungua rejista ya mwezi wa tisa. Kweli, tulianza mwaka tukiwa 47. Sita walikuwa wametoweka kati ya kipindi cha pili na cha nne, mmoja mmoja, bila kelele, kama mtu anayetoka ibadani akipita kando ya ukuta.

Hatuna haja ya kueleza sana kwa nini. Sisi sote ni watoto wa Kolwezi. Wazee wetu walikuwa wafanyakazi wa Union Minière, kisha wa Gécamines tangu serikali ilipochukua migodi mwaka 1967, na wakati ule mtoto wa mfanyakazi alisomeshwa na kampani. Miaka ya 1990 kazi ile ilianguka, na watu wengi walibaki na mikono tu. Sasa dunia nzima inataka kobalti kwa betri za telefone na za motokari, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu, sehemu kubwa kutoka upande wetu huu. Huko Kasulo, tangu 2014, watu walichimba hata chini ya vyumba vyao vya kulala. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini mtoto wa sekondari bado anaulizwa minervali. Feza ikikosekana, wengine wanaenda sokoni, wengine wanaenda kuosha mawe mtoni, ijapokuwa sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi ya namna ile.

Basi swali: wale sita ni wa klasi yetu ao sivyo?

Mmoja alisema: «Ule haiko tena wa klasi yetu. Hakufanya mitihani.» Mwingine: «Tukiita jina lake mbele ya watu, tutamwaibisha. Kila mutu atajua alifukuzwa juu ya minervali.» Neno hili la pili lilitusimamisha, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Lakini yule dada aliyesema habari ya chumvi akauliza: «Je, mwezi wa kumi alipokuwa hapa, alifanya kitu hakuna mutu aliona?»

Tulikubaliana hivi. Zawadi zitafuata orodha ya Septemba, si ya Juni, kwa maana ushuhuda ni juu ya kitu kilichotendwa, na kitu kilichotendwa hakifutiki kwa sababu ya minervali. Lakini majina ya wale sita hayatasomwa uani. Tutawapelekea nyumbani kwao, na tutawasomea ushuhuda pale pale.

Kwa watano tulipata shahidi. Wa sita alikaa nasi muda mfupi tu, hakuna aliyeweza kuandika neno la kweli juu yake, na hatukutunga uongo. Kati ya wale watano, wawili walikuwa wamekwisha kuhama, mmoja kwenda Likasi, mwingine kwa nkambo yake upande wa Kasaji, na tuliwatumia kwa mkono wa wasafiri. Watatu walikuwa hapa hapa.

Wa kwanza tulimkuta sokoni Manika, nyuma ya mafungu yake ya makala. Tulipomsomea kwamba ndiye aliyetufundisha wimbo wa sauti nne kwa sikukuu ya Noeli, alifunika uso kwa kikwembe, halafu akatuuliza kama bado tunauimba vibaya kwenye sauti ya tatu. Wa pili hakutaka kutoka ndani ya nyumba. Tulimwachia kaka yake. Wa tatu alikuwa ametoka kuosha mawe, miguu imekuwa myeupe kwa udongo. Alipokea msalaba, akaupima mkononi kama vile anapima mawe ya kuuza, akacheka: «Hii haina kilo.» Kisha akaomba tusome tena ile kartasi.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Alituuliza: «Banangu, asanti sana. Lakini hii kartasi, inalipa minervali?»

Tulijibu: «Apana, mama. Hailipi.»

Hatukuwa na jibu lingine, na hata leo hatuna. Zawadi hailipi minervali. Tunaandika neno hili waziwazi ili klasi zitakazotufuata zisijidanganye. Lakini mama yule hakuturudishia kartasi. Aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia pamoja na buletini za miaka mingine.

6. Maneno kwa klasi zinazotaka kujaribu

Kwa jumla, kati ya majina 47 tulipata shahidi kwa 38. Kwa tisa hatukupata, ijapokuwa tulitafuta hata siku ya mwisho. Mmoja wa tisa wale hakutusemesha wiki mbili. Tunamfahamu. Si jambo dogo kusikia kwamba watu waliokaa nawe mwaka mzima hawakuona kitu. Lakini kama tungemtungia neno, yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kujua kwamba ni uongo, na misalaba yote mingine ingegeuka makuta.

Basi tunashauri:

Kwanza, anzeni mapema. Mambo ya mwezi wa kumi yanasahauliwa mwezi wa sita. Klasi yetu imekwisha kuweka sanduku tangu wiki ya kwanza ya mwaka huu.

Pili, ulizeni watu wasiokaa mbele: sentineli, mama anayeuza mikate kwenye lango, wadogo wa mwaka wa kwanza. Wanaona kuliko sisi.

Tatu, msitumie feza nyingi. Watu walihifazi kartasi, si biki.

Ine, chukueni orodha ya Septemba.

Kwa waalimu wetu tunaomba neno moja kwa heshima. Wale sita, mwezi ule walipotoweka, jina lao lilipigwa mstari katika rejista na mahuzurio yakaendelea. Tunajua rejista inataka hivyo. Lakini je, siku jina linapopigwa mstari, klasi haiwezi kuambiwa, ili wawili watatu wafike nyumbani jioni ile ile, si nyuma ya miezi mine? Mwezi huu wa tisa, wawili kati ya wale sita wamerudi. Si kwa sababu ya karto yenye siraji. Mmoja, shangazi yake alipata kazi. Mwingine, wazazi wake waliongea na masomo walipe kidogo kidogo. Lakini yule wa pili alituambia kwamba aliweza kuingia tena klasini bila haya, maana alijua tulikuwa bado tunamhesabu.

Tunangojea mawazo yenu. Anayepinga neno la shahidi, ao aliye na njia bora kwa wale tisa, aandike kwa komite ya buletini. Tutajibu.

Wenu,
Sisi wa mwaka wa nne wa pedagojia